Plagi Arobaini na Tatu

“Nipe plagi yangu, Mwenyekiti!”

“Sikupi.”

“Nasema nipe! Mke wangu anatoka damu, atakufa!”

“Hata mwaka jana alikuwa anakufa. Kaa chini, Lugano.”

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, kwa kuwa pikipiki zilikuwa zimeshafika vijijini, wanaume wawili waligombana hivyo juu ya mlima wa Ntandabala. Mvua ilikuwa inanyesha. Kati yao palikuwa na ndoo ya rangi, na ndani ya ndoo plagi arobaini na tatu.

Niwaeleze kwanza habari ya ndoo, msije mkapotea. Mara moja kila mwaka madereva wa bodaboda wa vijiji vitano walipanda Ntandabala kuwakumbuka wenzao waliokufa barabarani. Walisoma majina, wakaomba, wakala ndizi na nyama, wakashuka pamoja. Lakini miaka ya mwanzo walikuwepo wajanja. Siku hiyo bondeni haikubaki pikipiki hata moja, kwa hiyo aliyetoroka mlimani alibeba abiria wote wa soko peke yake. Wakatoroka watano, wakatoroka kumi, mwishowe majina ya marehemu yakasomewa majani. Ndipo wakatunga sheria: ukifika juu, fungua plagi yako, itie kwenye ndoo. Pikipiki bila plagi ni chuma tu. Mwenyekiti atailinda ndoo mpaka majina yaishe na chakula kiishe.

Mwenyekiti aliitwa Ambindwile. Alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, na jina la mwanawe ndilo lililosomwa la kwanza kila mwaka. Huyo hakuwa mtu wa mchezo na ile ndoo.

Sasa Lugano. Mke wake, Tusekile, alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ile alikuwa mzima, akamwambia mumewe, “Nenda, usije ukafukuzwa kijiweni.” Lugano akaenda. Saa tano simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, Anyosisye.

“Baba, njoo na pikipiki. Tusekile anatoka damu. Tumemweka kwenye machela, lakini kijito kimejaa, wabebaji wamerudi.”

Gari halikuweza kupita njia ile mvua ikinyesha. Pikipiki iliweza, kwa kuzungukia kijito. Na pikipiki zote zilikuwa mlimani, na plagi zote zilikuwa ndooni.

Lugano akapiga magoti kwenye tope. “Mwenyekiti, mzee wangu, nakuomba.”

Madereva wakaanza kucheka. “Lugano, yule nyoka wa mwaka jana amerudi?”

“Mwaka huu kamuuma nani, mama mkwe?”

Walikuwa na sababu ya kucheka. Mwaka uliopita Lugano alilia hivyo hivyo, akasema mke wake ameumwa na nyoka. Ambindwile akaomba simu amsikie mwenyewe. Akasikia mwanamke analia kwa uchungu, anamwita mama yake. Akampa Lugano plagi, tena akamwombea njiani. Jioni waliposhuka wakamkuta Lugano sokoni, amepakia abiria wawili na gunia la viazi.

“Mwaka jana nilidanganya,” Lugano akasema. “Leo sidanganyi. Hii hapa simu. Msikie mama.”

Ambindwile akaichukua, akaiweka sikioni. Akasikia Anyosisye akimsihi. Akasikia na mwanamke mwingine nyuma yake, analia kwa uchungu, anamwita mama yake.

“Mwaka huu mmeongeza na bibi,” akasema, akakata simu. “Someni majina.”

Majina yakasomwa. Mvua ikanyesha. Plagi zikabaki ndooni.

Alikuwepo dereva mwingine, Ipyana, aliyemsimamia Lugano siku ya harusi yake. Ipyana alisimama nyuma kabisa. Ndani ya soksi yake ya kulia alikuwa na plagi ya pili, mpya, imefungwa kwenye nailoni. Alipanda nayo kwa siri, ateremke kabla ya wenzake, awahi abiria. Adhabu ya kukutwa na plagi ya pili ilikuwa kuondolewa kijiweni mwaka mzima. Ipyana akamwangalia rafiki yake kwenye tope. Akajisemea, “Mwenyekiti atalegea tu. Ngoja kidogo.” Akangoja jina la pili. Akangoja jina la kumi. Simu ya Lugano ikalia tena, Ipyana akangoja.

Simu ilipolia mara ya tatu, Ambindwile alishindwa kuendelea na sala. “Njoo uchukue,” akasema.

Akaisogeza ndoo. Haikuwa na mfuniko. Mfuniko alikuwa ameutoa yeye mwenyewe kufunikia sufuria, nyama isiingie maji. Ndoo ilijaa mvua mpaka shingoni. Wakamwaga, plagi zikatapakaa kwenye tope, na plagi zote zinafanana. Lugano akaokota moja, akaifuta kwa shati, shati nalo limelowa. Akaifunga. Akapiga kiki. Kimya. Akaokota nyingine. Akapiga kiki. Kimya. Hakuna aliyecheka tena.

Ipyana akainama, akavua kiatu.

“Hii ni kavu,” akasema.

Lugano akaitazama ile plagi. Akaitazama soksi. Akainyakua plagi. Akaifunga, pikipiki ikawaka kwa kiki moja, akateremka Ntandabala kama jiwe.

Alimpakia Tusekile katikati, mama mkwe akamshika kwa nyuma, wakafika hospitali. Mtoto wa kike akapona. Tusekile hakupona. Daktari akanawa mikono, akawaambia, “Mngewahi nusu saa tu.”

Wakamrudisha nyumbani kwa mama yake. Siku ya mazishi watu walijaa uani. Wakaja wanaume watatu kwa pamoja, Ambindwile, Ipyana na Lugano, wakitaka kuingia kumuaga. Anyosisye akawazuia mlangoni, kichanga kifuani.

“Semeni kwanza kila mmoja alifanya nini kule mlimani,” akasema.

Ipyana akaanza, machozi yanamtoka. “Mama, niliogopa kufukuzwa. Nilikaa nayo kwenye soksi, ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyeitoa. Bila plagi yangu, hata huyo mtoto usingekuwa naye.”

Ambindwile akavua kofia. “Sheria tuliitunga wote, mimi nikapewa kuilinda. Mwanangu ni mmoja wa hao waliosomewa majani, ndiyo maana sikutaka mtu atoroke. Kosa langu ni mfuniko. Hilo nalibeba. Ila kwa kutomwamini, mama, unisamehe kwa kusema mbele ya jeneza, ile sauti ya mwaka jana ilikuwa ya Tusekile mwenyewe. Alilia nikamwamini kabisa. Mara ya pili ningejuaje?”

Watu uani wakaguna.

“Najua ni yeye,” Anyosisye akasema. “Alikuwa jikoni kwangu. Alipokata simu tulicheka mpaka tukashika mbavu.”



Lugano akasema mwisho, kwa sauti ya chini. “Maneno ya kulia nilimfundisha mimi. Tulitaka bati mbili, nyumba ilikuwa inavuja. Lakini uongo wangu haukumuua mtu, mama. Aliyeuawa aliuawa siku niliyosema kweli.”

“Na nani aliufanya ukweli wako usiaminike?” Ambindwile akamjia juu.

“Wewe ulimsikia akilia! Ulimsikia kwa sikio lako, ukakata simu!”

“Nyamazeni,” Anyosisye akasema. Kichanga kilikuwa kimeamka. Akakituliza, kisha akawapita kwa macho wote watatu, akawatazama watu waliojaa uani, akasimama katikati ya mlango.

“Nikiwafungia wote watatu, mtoto huyu atakua bila baba, na kijiji hiki kitakuwa bila pikipiki ya kumpeleka popote. Nikiwafungulia wote watatu, mwanangu atakuwa amekufa bure, kama kuku. Wawili wataingia. Mmoja ataondoka na hatakanyaga tena hapa. Nyie mliosikia yote, nisaidieni, maana mimi mwenyewe nilicheka: mlango huu nimfungie nani?”