Kiboko Aliyejipatia Mama Mkwe

— Jamani, mliokaa na mliojiegemeza, mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo!

— Nimwage?

— Mwaga, tukinge!

Basi kingeni vizuri, na asiyekinga asije kuniomba nianze upya. Mimi sirudii, na leo hasira zangu ziko karibu.

Palikuwa na bonde, na juu ya bonde palikuwa na bwawa. Kutoka bwawani ulishuka mfereji mmoja tu, chururu, chururu, chururu, ukawanywesha wote wa bondeni: swala, ngedere, kwale, kobe na pimbi. Bwawani alikaa Kiboko. Kiboko huyo alikuwa na tumbo, na tumbo lake halikuwa na adabu. Akimaliza majani ya juu, anashuka kula maboga ya chini. Akimaliza maboga, anakula na majani ya maboga. Akiulizwa, anapiga miayo, hwaaaa! Meno yote yanaonekana, na aliyeuliza anakumbuka kwamba ana kazi nyumbani.

Waliomzuia ni Nungunungu peke yao. Mkubwa wao alikuwa Bi Nungu, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo. Kiboko akishuka, Bi Nungu na wenzake wanamgeuzia mgongo, kacha! kacha! kacha! Kiboko anarudi juu akichechemea, makalio yamejaa miiba. Lakini nisiwadanganye. Nungunungu wakikasirika hawachagui wa kumchoma, na waliwachoma hata wasiokuwamo. Pimbi, huyu ambaye hadithi ni yake, alitobolewa sikio siku aliyokuwa anapita zake tu njiani. Tundu lile analo mpaka leo.

Pimbi ni kijinyama kidogo. Hana pembe, hana mkia wa kusema mkia, na alikaa jabalini na mama yake mzee. Mama yake alikuwa na neno moja kila asubuhi: "Mwanangu, utaoa lini?" Pimbi akilisikia neno hilo, anatoka nje kuota jua.

Siku moja Kiboko akawaita wote wa bondeni.

"Mimi nimechoka na vurugu," akasema. "Chagueni kiongozi kwa kura. Mtakayemchagua nitazungumza naye, na maji yatashuka mengi. Mimi kura nazipenda sana."

Alizipenda kwa sababu alijua Korongo atashinda. Korongo alikuwa rafiki yake, alimdonoa kupe mgongoni akalipwa samaki. Tena Korongo ndiye aliyekuwa mtunza ghala la bondeni, na kila ghala lilipopungua, Korongo alinenepa. Kiboko akiwa juu bwawani hakuyaona hayo, au hakutaka kuyaona. Wa bondeni waliyaona.

Vikawekwa vibuyu viwili, kimoja cha Korongo na kimoja cha Bi Nungu, kila mmoja akatia kokoto moja. Ti! Ti! Ti! Kiboko alikaa akiangalia kwa macho yake mwenyewe.

"Uchaguzi safi," akasema. "Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyetishwa. Tangu nizaliwe sijaona uchaguzi mzuri kama huu."

Kobe akavimwaga vibuyu. Cha Korongo kilikuwa na kokoto tisa. Cha Bi Nungu, Kobe alihesabu mpaka akaomba maji ya kunywa. Pimbi naye alimtilia Bi Nungu. Si kwa mapenzi, maana sikio bado lilikuwa linamwasha. Ila ghala lilikuwa tupu, na mama yake alikuwa na njaa.

Kiboko akazikodolea macho zile kokoto.

"Mmechagua vibaya," akasema.

"Lakini Bwana Mkubwa, umesema uchaguzi ni safi," Pimbi akamkumbusha.

"Kura ni safi. Jibu ndilo chafu."

Hapo hapo akatoa masharti. Kwanza, Bi Nungu aing'oe miiba yake yote. Pili, atamke kwa kinywa chake kwamba bwawa ni la Kiboko. Tatu, ahadi zote ambazo Korongo alimwekea Kiboko azishike yeye. "Mpaka hapo," akasema, "mimi simjui." Akapanda juu, akageuka, akajilaza kwenye mlango wa mfereji. Kichwa bwawani, makalio bondeni, bwa! Mfereji ukaziba. Chururu... churu... chu... Kimya.

Siku ya kwanza wa bondeni walicheka, wakayapa makalio yale majina mengi nisiyoweza kuyasema mbele yenu. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Siku ya saba Pimbi aliamka alfajiri akamkuta mama yake nje, amepiga magoti, analamba umande juu ya jiwe. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome.

"Umeamkaje, mama?"

Mama akamtazama, akarudia kulamba. Hakumuuliza ataoa lini.

Pimbi akaogopa. Asubuhi zote alizowahi kuamka, hakuna iliyopita bila swali lile, na alikuwa akilichukia. Sasa alilitamani. Akaogopa, kisha akakasirika, kisha akapanda juu bwawani. Tipu, tipu, tipu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umetumwa na yule?"

"Sikutumwa. Nataka tu nikuelewe vizuri, nikawaeleze wenzangu. Je, utazungumza naye?"

"Sizungumzi naye!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

"Na jina lake, utalitaja?"

"Silitaji!"

"Utakula naye?"

"Sili naye!"

"Na mkikutana njiani?"

"Nitaiacha njia! Nitaingia porini! Nitafunika uso nisimwone!"

"Alaa. Na ukiwa na neno la lazima, ambalo sharti limfikie?"

Kiboko akafikiri kidogo. "Nitakupa wewe, umpelekee."

"Na haya yote utaweza kuyasema mbele ya wakubwa wenzako?"

"Hata kesho! Tembo, Nyati na Faru wanakuja kuusikia msimamo wangu. Mimi naapa, na nikiapa sirudi nyuma!"

Pimbi akamshukuru sana. Alimshukuru kupita kiasi, na Kiboko angekuwa na akili nusu ya tumbo lake, angeshtuka.

— Jamani, nimwage?

— Mwaga, tukinge!

Haya, niambieni nyinyi. Kwa desturi za mbuga ile, na huenda hata kwenu, nani hasemi na nani? Nani hamtaji mwenzake jina, hali naye sahani moja, akimwona njiani anajitosa porini na uso kaufunika, na akiwa na neno anampa mshenga alipeleke? Naona kina mama mnacheka, mmeshajua. Ni mtu na mama mkwe wake! Hiyo ndiyo heshima kuu, kubwa kuliko zote. Na juu ya yote hayo, mtu hampi mama mkwe wake mgongo, sembuse kumwonyesha makalio. Aliyewahi kufanya hivyo alihama, na hakuna ajuaye alikohamia. Kiboko aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Ila hakuwahi kuoa, kwa kuwa hakuna aliyemtaka, basi haikumpitia kichwani.

Pimbi akashuka mpaka kwa Bi Nungu, akamkuta amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Nungu. Kesho wakubwa wakija, jitande kanga, upite mbele ya bwawa polepole."

"Mimi? Nikamwamkie yule mla maboga?"

"Hutamwamkia. Hutamwangalia. Hutakubali sharti lolote. Utapita tu."

"Na miiba yangu?"

"Ibaki yote. Ila uilaze. Na kuanzia kesho hutamchoma tena."

"Kwa nini nisimchome?"

"Mama mkwe hamchomi mkwe wake."

Pembe za mdomo wa Bi Nungu zikacheza, na kwake yeye hicho ni kicheko kikubwa. Akalitazama sikio la Pimbi.

"Tundu hilo ni langu?"

"Ni lako."

"Pole, mwanangu."

"Nimekwisha kupoa. Lakini usidhani nafanya haya kwa ajili yako. Mama yangu analamba mawe."

Kesho yake wakubwa wakafika. Tembo akakaa mbele, mzee wa desturi, asiyesahau jambo. Nyati akakaa kulia, Faru kushoto. Wa bondeni wakajaa mteremkoni, midomo mikavu. Kiboko hakuinuka mlangoni mwa mfereji, akainua kichwa tu na kueleza msimamo wake. Alikuwa katikati ya neno "kamwe" Bi Nungu alipotokea.

Alikuja polepole, kanga kajitanda, miiba kailaza yote, shwa, shwa, shwa. Kanga ilikuwa na matundu kama chujio, lakini alijitanda kiheshima. Kiboko akamwona. Akakumbuka kiapo chake. Akachuma jani pana la yungiyungi, akajifunika uso.

Tembo akaacha kutafuna.

"Kiboko, nani yule anayepita?"

"Jina lake silitaji," sauti ikatoka nyuma ya jani.

"Mbona umefunika uso?"

"Simwangalii."

"Husemi naye?"

"Sisemi naye. Nikiwa na neno, huyu Pimbi ndiye mpelekaji."

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Faru. Faru haoni vizuri, akatazama mti.

"Kiboko!" Tembo akaguta. "Umeoa, na hukutualika!"

Pimbi alikuwa akilisubiri neno hilo tu. Akapanda juu ya jiwe akapiga vigelegele, lelelelelele! Bonde zima likaitikia, lelelelelele! Kwa makoo yale makavu sauti ilitoka na vumbi, lakini ilitoka.

"Sikuoa!" Kiboko akapiga kelele.

"Basi mtaje jina," akasema Tembo.

"Silitaji!"

"Msalimie."

"Sisalimii! Nimeapa!"

"Basi mwambie mwenyewe kwamba yeye si mama mkwe wako."

"Sisemi naye, nimesema! Pimbi! Nenda kamwambie mimi si mkwe wake!"

Pimbi akashuka, tipu, tipu, tipu. Akamnong'oneza Bi Nungu. Akapanda, tipu, tipu, tipu.

"Ujumbe umefika," akasema. "Mama mkwe ameinamisha kichwa, hakujibu."

"Mwanamke mwenye heshima zake," akasema Tembo, na Nyati akaafiki. Kisha Tembo akainuka kwenda kumpongeza mkwe mpya, akamzunguka ili ampigepige begani, akafika nyuma. Akasimama. Masikio yake yakaanguka.

"Kiboko. Haya makalio yanaelekea wapi?"

Kiboko akalikaza jani usoni.

"Nakuuliza. Yanaelekea wapi?"

"Bondeni," akasema Kiboko kwa sauti ndogo.

"Anakokaa nani?"

Faru, ingawa haoni vizuri, alifumba macho. Kiboko akaanza kutoka jasho lile lake jekundu. Akawaza, na kuwaza kwake kulisikika, guruguru, guruguru. Akizungumza na Bi Nungu, amemtambua. Asipozungumza naye, yeye ni mkwe. Na mkwe anayemwonyesha mama mkwe makalio, tena mbele ya wazee, tena yenye miiba, huyo hana pa kuishi. Akawaza tena, akakuta ni vile vile.

Akainuka. Bwaaaa!

Chu... churu... chururu... chururururururu! Maji yakaruka mferejini, yakambeba Kobe, yakambeba Korongo, yakamwosha Bi Nungu kanga na miiba. Watoto wa swala walikunywa mpaka wakakohoa. Pimbi hakunywa. Alikimbia na kibuyu mpaka jabalini, akamkalisha mama yake, akamshikia kibuyu mdomoni. Mama akanywa, gubu, gubu, gubu. Akapumua. Akafuta mdomo. Akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini.

"Hata Kiboko kaoa," akasema. "Kwa sura ile! Na wewe je, utaoa lini?"

Pimbi akalia machozi ya furaha, kisha akatoka nje kuota jua.

Tangu siku ile Kiboko hajashuka tena kula maboga, maana mkwe haingii shamba la mama mkwe ila na jembe mkononi, na kulima hawezi. Akisikia shwa, shwa njiani, anajitosa majini na kuzama mpaka puani. Bi Nungu naye hajamchoma tena, wala hajamchoma mpita njia, maana sasa ni mama mkwe wa mtu mkubwa na anatazamwa. Miiba anayo yote. Bwawa hakulitamkia neno. Ahadi za Korongo hakuna anayezikumbuka, hata Korongo mwenyewe. Wakubwa walirudi kwao wakisema msimamo wao imara ndio ulioleta amani. Na bibi harusi? Mpaka leo hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Basi wanangu, fundisho ni hili, na mlishike. Watu wakimchagua mwenye miiba, mkubwa asikubali kamwe kuzungumza naye. Wakizungumza uso kwa uso watapatana siku moja, na sisi wapeleka maneno tutakula nini?

— Nimemwaga?

— Umemwaga, tumekinga!

Aliyekinga, anywe. Aliyelala, akalambe umande. Mtungi wangu naufunika.