Jiwe Alilolikalia Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao shule na kuwafungia viporo kwenye majani ya mgomba, palikuwa na shule moja kando ya mto. Sogeeni karibu. Na wewe wa huko nyuma, acha kumfinya mwenzio, maana leo nasimulia habari za watu kama wewe.

Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa Kobe. Elimu alikuwa nayo, gamba kubwa la kuheshimika alikuwa nalo, na tabia moja mbaya alikuwa nayo pia. Akisikia ugomvi, vup! kichwa ndani. Vup! miguu ndani. Humtoi mpaka kutulie.

Kiranja mkuu alikuwa Fisi, na mpambe wake Ngiri. Kila mapumziko watoto wadogo walipeleka viporo vyao kwa Fisi, kule kwenye shamba la viazi la shule, chini karibu na mto. Asiyepeleka alipigwa. Aliyelia alipigwa tena.

Siku moja Kware, mtoto ambaye mbawa zake zilikuwa bado changa, alikwenda shambani na hakurudi. Walimwopoa mtoni akiwa amekufa. Ikasemwa aliteleza. Nafasi yake darasani ikabaki tupu, na watu wakazoea. Watu huzoea upesi sana mambo ya namna hiyo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini Pimbi hakuzoea. Alikuwa mdogo, hata ukimsimamisha juu ya dawati humwoni vizuri, na alikuwa akikaa na Kware dawati moja.

Basi asubuhi moja Pimbi alimkuta Digidigi amejificha nyuma ya choo.

"Una nini, ndugu yangu?"

"Sina kiporo," Digidigi akasema, meno yakimgongana. "Mama anaumwa, nyumbani hakukupikwa. Fisi kasema leo nikienda mikono mitupu, nitakwenda kuogelea na Kware."

Pimbi huyo! Mbio mpaka ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Nini tena?"

"Mwalimu, Fisi anataka kumuua Digidigi!"

"Aa, aa! Maneno gani hayo? Watoto hutaniana. Mwambie akapatane naye."

Na kichwa kikaanza kurudi ndani. Pimbi alikitazama kikididimia, akaona wazi kwamba huyu mzee hatatoka kwa ajili ya mtoto. Hasira zikampanda, lakini akazimeza.

"Sawa, Mwalimu. Na viazi je?"

Kichwa kikachomoka. "Viazi gani?"

"Vya shule. Kuna mtu anavichimbua kila mapumziko."

"Lahaula! Viazi vyangu! Nani huyo?"

"Twende ukamshike mwenyewe."

Kobe, ambaye hakuwahi kuharakisha maisha yake yote, siku hiyo aliharakisha. Walipofika shambani Pimbi akamweka ukingoni, akamfunika na majani ya viazi. Hata hajamaliza, wakasikia tif! tif! tif! na kicheko cha Fisi kinateremka. Vup! Kobe akapotelea ndani ya gamba.

"Wapite kwanza," sauti ndogo ikasema humo ndani.

Fisi akafika, akaliona jiwe zuri limekaa kivulini. Puu! Akalikalia. Ngiri akaanza kufukua viazi.

"Digidigi yuko wapi?" Fisi akauliza.

"Shikamoo, kaka kiranja. Nimekuja mimi badala yake." Pimbi akaweka muhogo wake chini.

"Ehee! Wewe una adabu."

"Lakini kaka, huko darasani wanakusema vibaya."

"Wanasemaje?"

"Sithubutu, kaka."

"Sema, nisikutafune!"

"Wanasema wewe ni kelele tu. Eti Kware aliteleza mwenyewe, nawe unajichukulia sifa ya bure. Eti Fisi hawezi hata kifaranga."

Ngiri akakohoa. "Tuyaache hayo, bwana."

"Tuyaache nini?" Fisi akafoka. "Aliteleza? Nilimshika shingo mimi, Ngiri akamshika miguu! Chubwi! Akaibuka, nikamrudisha. Akaibuka tena, nikamrudisha tena. Mara ametulia. Kawaambie hivyo huko darasani!"

Pimbi alitaka kukimbia, akimbie asirudi tena shule. Lakini akajikaza aulize neno moja zaidi.

"Hukumwogopa Mwalimu, kaka?"

"Mwalimu!" Fisi akacheka akijipiga mapaja. "Asubuhi ile ile Kware alikwenda kumshtakia. Nilikuwa mlangoni, nikasikia yote. 'Mwalimu, nisaidie, Fisi ataniua.' Naye akamjibu, 'Watoto hutaniana, nenda kapatane naye.' Basi si akaja kupatana? Mwalimu wenu ndiye aliyeniletea!"

Mara jiwe likaanza kutetemeka.

"Ngiri, hili jiwe lina nini?"

Ngiri alikuwa ameshatimua mbio. Kichwa cha Kobe kikatoka polepole, macho yamejaa machozi, kikamgeukia Fisi. Ng'wap! Kikamng'ata mguu.

Na kobe aking'ata haachi! Fisi akaruka, akagaragara, akalipiga lile gamba kwa mawe. "Mwalimu, nilikuwa natania! Yalaa! Natania tu!" Pimbi naye akapanda juu ya tuta, akapiga ukelele wa kipimbi unaofika ng'ambo ya mto. "Kwiii! Kwiii! Njooni nyote! Fisi kashikwa!"

Shule nzima ikateremka. Wadogo walisimama mbali, wakiogopa. Halafu mmoja akasema, "Mimi alinivunja jino." Mwingine akasema, "Mimi alinichoma na kijinga cha moto." Na mimi. Na mimi. Waliposikizana hivyo wakasogea, wakamzunguka Fisi, na Digidigi akiwa mbele yao.

Wazazi walikaa baraza. Ngiri akakamatwa kwao, uvunguni mwa kitanda, na wote wawili wakafukuzwa kutoka bonde lile, wasikanyage tena. Digidigi akawa anakula kiporo chake mwenyewe. Ningependa kuwaambia kwamba ngoma zilipigwa, lakini hazikupigwa.

Maana Kobe alikuwa na safari moja iliyobaki. Alikwenda nyumbani kwa Mama Kware, na Pimbi akamsindikiza. Akakaribishwa kigoda, akakataa kukaa. Akaeleza yote akiwa amesimama, pamoja na yale aliyomjibu mtoto asubuhi ile, bila kujipunguzia hata neno.

Mama Kware alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, mwanangu alipokuja kwako, alikuwa analia?"



"Sijui, mama," Kobe akasema. "Sikumtazama."

Nanyi shikeni hili: anayemfukuza aliyeonewa, amemsaidia mwonevu.