Mahali pa Siwema Juani

Paukwa!

Pakawa!

Niwape yenye shahidi au yasiyo na shahidi?

Yenye shahidi!

Basi tulieni. Zamani za kale, miaka ikiwa bado haina wa kuihesabu, palikuwa na jabali kubwa, na juu yake waliishi pimbi. Kila asubuhi walitoka mapangoni, wakajilaza juani, ubavu kwa ubavu, kila mmoja mahali pake. Mmoja tu hakulala. Huyo alisimama kileleni akimwangalia Tai. Akimwona hulia: kwii, kwii, kwii! Wenzake huingia mapangoni, puru!

Sheria ya jabali ilikuwa moja. Kila pimbi ana zamu yake kileleni. Zamu tatu zikikosa msimamizi, mwenye zamu hupoteza mahali pake juani, akahamia upande wa kivuli pamoja na wageni. Na pimbi asiyeota jua hadumu.

Mwaka wa ukame, pimbi mmoja aitwaye Siwema aliaga. “Mama, naenda mlima wa pili. Majani yakiota, nitarudi.”

Mama yake, Bi Riziki, akamwambia, “Nenda, mwanangu. Mahali pako papo.”

Siwema akalichukua neno hilo bila kuuliza msingi wake.

Huko mlima wa pili alikula, akanenepa. Lakini alilala kivulini, kwa kuwa huko alikuwa mgeni. Masika yakapita, majani ya kwao yakaota. Alilijua hilo, hakurudi. Masika ya pili yakapita. Hakurudi. Kifua kikaanza kumbana, kho, kho, kho. Hapo ndipo alipokumbuka kwao.

Akashika njia, tapu, tapu, tapu, mpaka jabalini. Kileleni alisimama nduguye Chausiku, mtoto wa mama yake mdogo.

“Wewe uliyenona, waenda wapi?” akauliza Chausiku.

“Nyumbani. Ni mimi, dada yako Siwema.”

“Siwema ninayemjua mimi alikuwa na shingo. Yako umeiacha wapi?”

Siwema akacheka, akakohoa. “Usijisumbue, mdogo wangu. Naijua sheria. Zamu nilizokosa si tatu, ni nyingi. Nionyeshe tu njia ya kivulini.”

Chausiku akaacha mzaha. Akatazama pembeni. “Nenda kwa Mzee Makame kwanza.”

Mzee Makame ndiye aliyeshika sheria ya jabali. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Hujakosa hata zamu moja.”

“Shikamoo yako nimeitoa, Mzee, usinitanie. Sikuwepo. Nilisimamaje?”

“Sheria haisemi usimame kwa miguu yako. Inasema zamu yako isimamiwe. Ilisimamiwa.”

“Na nani?”

Mzee akaelekeza macho juani. Palikuwa na mahali pawili patupu, pamegusana.

“Alimaliza zamu yake, akaunganisha na yako, bila kushuka kula. Nikamwambia, ‘Riziki, macho yako yamechoka.’ Akanijibu, ‘Binti yangu anarudi kesho kutwa.’ Alinijibu hivyo masika mawili. Mwezi uliopita Tai alikuja kutoka upande wa jua. Mama yako alilia, sote tukaingia. Yeye hakuwahi. Tangu siku hiyo zamu yako haijafika tena.”

Siwema akapatazama mahali pale pawili. Kisha akauliza, “Ilikuwa zamu ya nani?”

“Umekuja kupumzika au kujua?”

“Kujua.”

“Yako.”

Siwema akatafuta pa kushika. “Huenda hata katika zamu yake mwenyewe angechukuliwa.”

“Huenda,” akasema Mzee Makame. “Lakini hakuchukuliwa katika zamu yake.”

“Basi nipe zamu mbili. Yangu na ya mama.”

“Zamu ya pili hushikwa kwa ajili ya anayetarajiwa kurudi. Marehemu hana zamu. Nenda ukalale, binti. Haki yako haina dosari.”

Siwema akapanda. Akajilaza mahali pake. Jiwe lilikuwa na joto. Joto likapanda tumboni, likapanda kifuani, kikohozi kikakatika. Usingizi ukaja, mtamu, ambao hakuupata tangu aondoke. Akajaribu kuukataa, akashindwa. Ubavu wa kulia ulipata joto la jirani. Ubavu wa kushoto, alipokuwa akilala mama yake, ulipigwa na upepo mpaka jua likatua.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa na wadogo, nami siyapambi: nyumbani hakukungoji kwenyewe. Ukirudi ukakuta mahali pako papo, ujue kuna aliyekushikia. Mtafute angali hai.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye ushahidi mwingine na aulete.