Kiboko Aliyeapa Hatacheka Wala Kulia

Paukwa.

Pakawa.

Nije na kicheko au nije na kilio?

Njoo navyo vyote, mkeka ni mpana.

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale wanyama walikuwa na banda lao la video, limejengwa kwa matete kando ya bwawa. Kila alasiri walikwenda kuangalia picha za mashujaa. Si mashujaa wa mikuki na ngao, la. Hawa walikuwa mashujaa wa kuruka angani bila mabawa, wa kuinua lori kwa kidole, wa kufunga shuka mgongoni na kuvaa chupi juu ya suruali. Jenereta iliunguruma du-du-du-du, kitambaa cheupe kikawaka, na wanyama wakatulia.

Lakini wale wa kwenye picha walisema lugha ambayo wanyama hawakuijua. Kwa hiyo palikuwa na mtafsiri, naye ni Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka kwenye mawe, kadogo kama sungura, hakana hata mkia. Alikaa juu ya debe na kipaza sauti chake. Staringi, yule shujaa mkuu wa picha, akisema neno, Pimbi naye husema. Na kweli niiseme: lugha ile Pimbi aliijua nusu. Nusu nyingine aliitunga mwenyewe, na hiyo ya kutunga ndiyo iliyojaza banda.

Staringi akimkaba adui, Pimbi husema, "Ni wewe uliyekula kiporo changu nilipokwenda kuoga?" Hapo Ngedere, kwi kwi kwi, anagaragara chini.

Siku moja wakaonyesha picha ya kijana mwenye shuka jekundu. Katikati ya picha mama yake akafa. Kijana akapiga magoti kaburini, mvua ikamnyeshea, banda zima likawa kimya. Pimbi akaona kimya kimezidi. Alikuwa akiogopa kimya kuliko alivyomwogopa chui. Akashika kipaza sauti, akasema, "Mama, na ile sufuria ya jirani uliificha wapi?"

Ngedere, kwi kwi kwi.

Mama Nyumbu akainuka polepole, akatoka nje. Mumewe alikuwa amechukuliwa na mamba masika yaliyopita, wakivuka mto.

Kesho yake banda likagawanyika.

"Shujaa asiyecheka ni jiwe," alisema Ngedere. "Mimi nimetoka kutafuta riziki tangu asubuhi, nije hapa nilishwe huzuni?"

"Na shujaa anayefanya mzaha kila mahali, huyo haogopi chochote," alijibu Mama Nyumbu. "Kama haogopi, ushujaa wake uko wapi?"

Wapenda kicheko wakakaa kushoto. Wapenda kilio wakakaa kulia. Siku ya tatu hata salamu hawakupeana.

Habari zikamfikia Kiboko bwawani. Kilikuwa kiangazi, na kila mnyama aliyekuja bandani alileta tikiti. Katikati ya picha waliyapasua wakala wote, ndiyo maji yao. Kiboko akatoka majini, bwaa, bwaa, bwaa, akaketi mlangoni.

"Nasikia mnagombana," akasema. "Nitakuwa mwamuzi wenu. Anayecheka anawaudhi wanaolia, atoe tikiti lake. Anayelia anawaudhi wanaocheka, atoe tikiti lake. Nitayatunza mimi."

Akayatunza tumboni.

Ngedere akacheka, kwi, tikiti likaenda. Mama Nyumbu akavuta kamasi, sii, tikiti likaenda. Swala akapiga chafya, chwi, Kiboko akasema, "Chafya ni kicheko cha pua," tikiti likaenda. Wiki haikwisha, wanyama walikuwa wakikaa bandani midomo imefungwa na macho makavu, kama wagonjwa wanaongoja kuitwa dirishani. Watoto wa Swala walilamba maganda. Na nani angemwondoa Kiboko? Mdomo wake ukifunguka unaweza kuwalaza ndani mbuzi wawili.

Pimbi hakula siku hiyo. Aliona yote yameanza na sufuria yake. Asubuhi akaenda kwa Mama Nyumbu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mama Nyumbu akatafuna nyasi zake kavu mpaka zikalainika. Kisha akasema, "Unadhani mimi sipendi kucheka? Baba watoto alipokufa, watani wetu Pundamilia walikuja msibani. Mmoja akatembea kwa kuchechemea, kama alivyotembea marehemu, akanijia akaniuliza, 'Mke wangu, leo tena tunakula nyasi?' Nilicheka mpaka nikaegemea mti."

"Sasa mimi nilikosea wapi, mama?"

"Mtani yule aliningoja. Aliniacha nilie mpaka kifua kikawa chepesi, ndipo akaja. Halafu alimtania mume wangu, aliyemjua. Hakuleta sufuria ya mtu nisiyemfahamu."

Pimbi akarudi nyumbani polepole. Akakaa kwenye mawe yake akifikiri mpaka jua likamchoma mgongo. Kisha akashuka bwawani.

"Mzee Kiboko, wanasema wewe huna kicheko wala machozi."

"Sina. Ndiyo maana naweza kuamua."

"Basi kesho tuonyeshe tena ile picha ya shuka jekundu. Kila mmoja alete matikiti yote yaliyobaki kwake, na waachwe wacheke na walie watakavyo. Wewe usipocheka wala kulia, yote ni yako, na kipaza sauti juu. Ukicheka au ukilia, unatoka mlangoni, unakaa mkekani kama sisi, na matikiti yanaliwa na wote."

Mate yakamjaa Kiboko. "Naapa sitacheka wala kulia. Lete."

Ngedere aliposikia akamkamata Pimbi begani. "Kaka, umetuuza."

"Njoo kesho," alisema Pimbi. Usiku ule usingizi haukumjia vizuri.

Siku ikafika. Matikiti yakapangwa mbele ya Kiboko kama mlima. Jenereta ikaanza, du-du-du-du. Pimbi akaanza na mizaha, mmoja baada ya mwingine. Wa kushoto wakacheka, Kiboko kama mwamba. Adui akachoma mji, wa kulia wakaanza kusikitika, Kiboko kama mwamba.

Pimbi akamtazama vizuri. Masikio ya kiboko hayatulii hata akilala, huchezacheza kila mara. Haya yalikuwa yametulia tuli, na kitu cheusi kilichuruzika kutoka ndani, to, to, to. Tope. Kiboko alikuwa ameyaziba masikio yake kwa tope la bwawa.

Pimbi akawaza haraka. Akisema, nani atakwenda kumchunguza Kiboko masikioni? Na mama wa kwenye picha alikuwa karibu kufa.

Akakizima kipaza sauti. Akashuka kwenye debe, akawaita wanyama kwa mkono waje karibu. Wakajisogeza, wa kushoto na wa kulia, mpaka bega la Ngedere likagusana na la Mama Nyumbu. Pimbi akawa anatafsiri kwa kunong'ona.

Mama akafa. Kijana akapiga magoti, mvua ikanyesha. Pimbi akafunga mdomo. Kimya kikamkaba, lakini akangoja. Akangoja mpaka Mama Nyumbu akalia, Swala akalia, na Ngedere mwenyewe akageuza uso kando akajifuta kwa mkia.

Kiboko akawaangalia. Akaona wanalia. Hilo halikumsumbua, machozi hayaliwi.

Ndipo Pimbi akanong'ona maneno machache.

Wanyama wote wakaangua kicheko, na machozi bado yanawashuka mashavuni. Mama Nyumbu alicheka akimshika Ngedere asianguke. Kiboko akakodoa macho. Alishawaona wakicheka. Alishawaona wakilia. Kitu hiki hakuwahi kukiona. Akajua tu kwamba kuna kitu kinagawiwa pale, na yeye hajapewa.

"Amesema nini?" akauliza.

Hakuna aliyegeuka.

"Nimeuliza, amesema nini?"

Kisha wakacheka tena, kidogo, kama watu wa nyumba moja. Kiboko hakuweza kuvumilia. Katika maisha yake hakikuwahi kugawiwa kitu bila yeye kuchukua fungu kubwa. Akatikisa kichwa, pu, tope likaruka huku. Akatikisa tena, pu, likaruka kule. Akajiburuta mpaka katikati yao.

"Rudia."

"Nirudie wapi, mzee?"

"Pote. Nataka yote."

Pimbi akarudisha picha nyuma. Mvua ikanyesha tena, na Pimbi akangoja tena, kama mwanzo. Kisha akasema kwa sauti ya yule kijana:

"Mama, ulikuwa unaniita kula kwa wimbo, na wimbo wenyewe uliukosea kila siku. Mimi naweza kusimamisha treni kwa kifua. Jana nilikuwa napigana na adui juu ya daraja, nikajikuta nauimba. Nikaukosea palepale ulipokuwa ukiukosea wewe. Adui akaniachia shingo, akaniambia, 'Ndugu yangu, nipige tu, lakini usiimbe.'"

Kona ya mdomo wa Kiboko ikacheza. Tumbo likafuata. Hu. Hu-hu. Ho-ho-ho-ho, banda likatikisika. Na chozi, kubwa kama boga changa, likaanguka, chubwi.

"Mama yangu," alisema Kiboko, "alikuwa akipiga chafya majini, sisi watoto tunarushwa mpaka nchi kavu." Akacheka, akalia, akashindwa kujua aache kipi kwanza.

Walipotulia wote, aliyatazama matikiti.

"Ni kipi kilichonishinda, Pimbi? Kicheko au chozi?"

"Sikuona vizuri, mzee. Vilitoka pamoja."

Kiboko akakaa mkekani. Wakapasua matikiti, mta, mta, mta, watoto wa Swala wakanywa mpaka matumbo yakalia. Kiboko akapewa kipande kimoja kama wengine. Kikapotea mdomoni mwake kama punje. Mama Nyumbu akamsogezea nusu ya chake, naye akakipokea akiwa ameinamisha macho.

Msidhani ugomvi uliisha. Hata kesho yake Ngedere alisema sehemu ya kaburini ilikuwa ndefu mno, na Mama Nyumbu akasema mizaha ya mwanzo ilikuwa mingi mno. Walibishana kutwa nzima, kwenye mkeka mmoja, wakipeana mbegu za kutafuna. Na Kiboko, aliyekuwa mwamuzi, alipoulizwa alisema yeye anataka tu sehemu ya wimbo irudiwe.

Fundisho la hadithi hii, watoto, lishikeni vizuri. Mkienda kuangalia picha msicheke na msilie, na tope mliingize mpaka ndani kabisa, lisitoke kwa kutikisa kichwa. Asiyesikia kitu hanyang'anywi tikiti lake, atakula peke yake mpaka azeeke.

Mimi nimeishia hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni nikaipike upya.