Mkono Uliokata Mtandao

Hapo zamani, lakini si zamani ya kupitiliza, maana kompyuta zilikwisha kuingia nchini, paliondokea sultani mmoja, Jabu jina lake, aliyelipenda godoro lake kuliko kiti chake cha enzi. Diwani, yaani baraza lake la utawala, ilikuwa mjini. Yeye akitawala kitandani, katika jumba la mlimani, kompyuta juu ya tumbo, na amri zake zikisafiri kwa mtandao hadi kwenye mitambo ya diwani. Utawala mtamu ulioje!

Ila mtandao wenyewe ulikuwa na wazimu: sasa umeshika, sasa umekatika. Ikawa siku moja Sultani anaandika, “Mkamateni mkwe wangu mkono, mkampe hongera ya mtoto.” Mjini ikafika, “Mkamateni mkwe wangu.” Basi maskini akakamatwa, akalala rumande na kilemba chake cha sherehe.

Sultani akapandwa na hasira. “Wallahi, aukataye mtandao wangu nitamkata mkono! Mlinzi wa mitambo ni nani?”

Alikuwa Bi Mize, mama mtu mzima asiyemkosea hata paka. Akapewa siku tatu amtaje mkataji, la sivyo ukatwe wake. Akakagua nyaya zote, asione kitu, akaketi akalia. Sasa Bi Mize huyu ndiye aliyempa uji kila asubuhi mpwa wake Faki, fukara mwenye kanzu moja, ambaye siku ya kufua hatoki ndani. Faki aliposikia, moyo ukamuuma, na tumbo likauma zaidi. Akakwea mlima hadi jumbani, akaomba amtafute mkataji.

“Ewe Faki,” akauliza Sultani, “umesomea mitambo?”

“Sikusomea, bwana wangu. Lakini nina macho mawili, na kazi sina.”

Akaruhusiwa kuketi mkekani, akatazama. Sultani akawasha kompyuta, mtandao ukashika. Mara akatupa jicho pembeni mwa kioo, akafoka, “Chai ya asubuhi sijaimaliza, chombo hiki kinasema saa saba! Kila kikizimwa na kuwashwa hurudia ujinga wake!” Kwa mkono wake wenye pete ya akiki akairekebisha saa, ikasoma saa moja kamili. Pap! Mtandao ukakatika. Akatukana, akazima, akawasha, ukashika. Akaitazama saa, akafoka, akairekebisha. Pap!

Faki akajiuma midomo asicheke.

Siku ya tatu mawaziri wakakusanyika chumbani, Bi Mize akaletwa, na mwenye upanga akasimama mlangoni.

“Bwana wangu, mkataji nimemwona,” akasema Faki. “Je, kiapo chako kingalipo?”

“Kipo!”

“Hata akiwa mkubwa?”

“Hata akiwa mimi!” akajibu Sultani, na ulimi hauna mfupa.

Faki akamgeukia Bi Mize. “Shangazi, mgeni akija kwa mtandao, mtambo wako humwuliza nini?”

“Humwuliza neno la siri, kisha huitazama saa yake. Isipolingana na ya diwani, humfungia mlango. Nazo saa za mitambo hufuata hesabu ya kigeni: saa moja yetu ya asubuhi, kwazo ni saa saba. Lakini saa ya Sultani nani angethubutu kuikagua?”

“Basi mkono uukatao mtandao,” akasema Faki, “ni ule wenye pete ya akiki.”

Sultani akautazama mkono wake, akautazama upanga, jasho likamtoka. Mwenye upanga naye akajificha nyuma ya pazia.

“Faki,” akanong’ona Sultani, “kiapo ni kiapo. Nifanyeje?”

“Uliapa mkono, bwana wangu, hukusema wa nyama. Joho lako lina mikono mingapi?”

“Miwili.”

“Leteni mkasi!”

Ukakatwa mkono wa joho, tangu begani, na Sultani akacheka hadi godoro likalia. Faki akachana kipande cha kitambaa kile, akakigandisha pembeni mwa kioo ili saa isionekane tena. Kilichobaki akapewa yeye, akashona kanzu ya pili. Mkono wa sultani mnene si haba.

Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, ikaachwa na saa yake. Bi Mize, kwa mkono wake mzima, akamsogezea Sultani kibodi, naye akaandika, “Mwachieni mkwe wangu.” Ikafika nzima.

Na hekaya hii ikikatikia hapa, msiusingizie mtandao.