Mpira Chini ya Keria

Ndugu zangu, bwana mmoja alikuwa akibeba maziwa kwa pikipiki, madumu manne kila asubuhi, kuyapeleka kiwandani. Siku moja keria, kile chuma cha nyuma cha kufungia mzigo, ikakatika pale inaposhikana na fremu. Maziwa yote chini. Akaenda kwa fundi, akachomelewa. Ikakatika tena. Akaongezewa chuma kinene, ikakatika pembeni ya kile kinene. Akaongezewa kingine. Kiwandani wakamwambia, "Ukimwaga tena, kazi tunampa mwingine." Na watoto wake walikula kwa kazi hiyo.

Mara ya nne ilikatika akiwa anarudi, madumu matupu. Sasa hapo mimi najiuliza, na ninyi jiulizeni. Chuma kinene, mzigo hakuna, kinakatwa na nini?

Akampata fundi mmoja, mama wa makamo. Huyu hakushika hata spana. Akamwambia, "Washa pikipiki, kaka. Weka kiganja hapo palipokatika."

Akaweka.

"Unasikia nini?"

"Inatetemeka tu, mama. Pikipiki zote zinatetemeka."

"Basi ndicho kinachokata. Mzigo unasingiziwa."

Akaondoa vyuma vyote vya nyongeza, akaifunga keria kwa bolti, na kati ya chuma na chuma akaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Bwana akanuna. "Mama, mimi nataka nguvu, wewe unaniwekea mpira?"

"Nguvu umeshawekewa mara tatu."

Keria ile haikukatika tena.

Mlidhani leo nitawaambia tuwe imara kama chuma, eh? Majumbani mwetu chuma kimejaa. Mtoto akikosea, tunaongeza ukali. Akirudia, tunaongeza mwingine juu yake. Nani kati yetu ameweka kiganja pale panapokatika?

Mimi sikuweka. Wiki hii binti yangu amechelewa kurudi mara tatu, na mara tatu nimemchomelea. Juzi amehamia kwa shangazi yake. Nasimama hapa kuwahubiria na sijui kilichokuwa kinamtetemesha, kwa sababu sikuuliza. Naona aibu, ndugu zangu.

Tukitoka hapa mimi naelekea kwa shangazi yake. Wewe ambaye wako bado yuko nyumbani, akiingia leo amechelewa, mwulize kwanza kama amekula.