Kiboko Aliyeleta Mvua kwa Mkia

Paukwa!
— Pakawa!
Hamjala leo? Nimesikia mbu akiitikia, watu sijawasikia. Paukwa!
— Pakawaaa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na jua!
Jua gani?
— Jua la kukausha mate mdomoni!

Haya, sasa mmeamka. Hilo jua lilikuwa la mwisho wa kiangazi, siku zile kila kiumbe hutembea ameinua shingo. Huyu anatafuta mbayuwayu angani, yule ametega sikio vichakani. Maana porini, kama hapa kwetu, mvua hutangazwa na ndege na wadudu. Dudumizi akilia du-du-du-du, ujue mawingu yako njiani. Kumbikumbi wakitoka kichuguuni, ujue ardhi imelowa. Mbayuwayu wakiruka chini chini, shika jembe lako ukalime.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalibaki kwenye dimbwi moja, mbali na mto, na dimbwini alilala Kiboko.

Lo, Kiboko yule! Tumbo lake lilijaza dimbwi, na tumbo hilo hilo lilijaa majani ya wenzake. Digidigi akisogea anywe, Kiboko anafungua mdomo: mhhhf! Digidigi huyoo. Swala akisogea anywe, mhhhf! Swala huyoo. Tena alijisifu kwamba anajua kusoma ndege kuliko ndege wenyewe. "Nikiziona dalili zote tatu," alisema, "nitatangulia mtoni nikashike kilindi. Mpaka hapo, dimbwi ni langu."

Juu ya dimbwi, kwenye mgunga, palikuwa na kiota cha Mama Chozi. Chozi mnamjua, kale ka ndege ka mdomo uliopinda, anayefyonza maua. Lakini maua yote yalikuwa yamekauka, na kinda wake alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Maji yako hapo chini, mtoto anakufa kwa kiu hapo juu. Mimi hiyo inaniuma mpaka leo.

Chozi akashuka.
"Hodi, Bwana Kiboko."
"Unasemaje?"
"Naomba tone moja, mwanangu anakufa."
"Nikitoa tone leo na tone kesho, keshokutwa nitaogea mchanga. Nenda!"

Chozi akapanda, akamtazama mwanawe, akashuka tena.
"Hodi, Bwana Kiboko. Basi nusu tone."
"Nusu tone ni mtoto wa tone. Nenda!"

Akapanda, akamtazama mwanawe, akashuka tena.
"Hodi, Bwana Kiboko. Basi niyanuse tu."
"Kunusa nako kunapunguza. Nenda!"

Eti kunusa kunapunguza! Mnacheka? Na nyinyi mkipika nyama mnafunga madirisha, mimi nawajua.

Chozi akaruka mpaka kichaka kilichokuwa ukingoni mwa dimbwi. Humo alikaa Mzee Dudumizi.
"Shikamoo, mzee wangu. Lia basi kidogo, Kiboko aende zake."
"Marahaba. Mimi silii uongo, mwanangu. Mgongo wangu ukilowa, nalia. Usipolowa, silii. Ndivyo alivyokuwa baba yangu."
"Sikulazimishi, mzee. Kaa hapo hapo tu, usihame."

Akarudi, akatua juu ya makalio ya Kiboko, akaanza kuimba:

"Kiboko mwili nyumba,
mkia kidole gumba!
Mbu amekaa mgongoni,
mkia haumwoni!"

Wacha Kiboko akasirike! Mkia ukapiga maji: paa! Chozi akaruka, akatua, akaimba tena. Mkia: paa! Chozi akaruka, akatua, akaimba tena. Mkia: paa-paa-paa! Maji yakaruka juu, yakamwangukia Mzee Dudumizi chwaa, mgongo mzima.

Mzee Dudumizi akajikung'uta. "Ahaa," akasema, "imekuja mapema mwaka huu." Akavuta pumzi: "Du-du-du-du-du-du!"

Kiboko akasimamisha masikio. "Dalili ya kwanza!"

"Dalili gani?" Chozi akamwambia. "Nakuimbia wewe unasikiliza ndege wengine? Mkia kidole gumba!" Akaruka akatua juu ya kichuguu kilicholoa kwa maji yale yale. Kiboko akatoka dimbwini mbio, akakizunguka kichuguu akimkanyaga Chozi asiyekanyagika: ti! ti! ti! ti!

Sasa, kwetu tukiwataka kumbikumbi tunafanyaje? Tunamwaga maji kichuguuni, tunagonga chini kwa vijiti, ti-ti-ti, wenyewe wanadhani mvua inanyesha, wanatoka. Msijifanye hamjui, mafuta yao bado yako midomoni mwenu. Basi kumbikumbi wakamsikia Kiboko, wakaambiana, "Twendeni, mvua kubwa!" Wakatoka vuuu, mbawa tupu.

"Dalili ya pili!" akapiga kelele Kiboko.

Na penye kumbikumbi, mbayuwayu hawaalikwi. Wakashuka swii, swii, chini chini, wakapita katikati ya miguu yake.

"Ya tatu! Mto umejaa! Kilindi changu!" Kiboko akaondoka akikimbia, hata kuaga hakuaga. Chozi akachota maji, akampelekea mwanawe. Mtoto akafungua jicho moja, kisha mdomo, kisha akalia, kidogo lakini akalia. Digidigi akanywa. Swala akanywa. Wote wakanywa.

Huko mtoni Kiboko alikuta mchanga. Akachimba, mchanga. Akarudi mdomo umepasuka, macho mekundu, moja kwa moja mpaka kwenye mgunga, akaukumbatia kwa meno auvunje na kiota chake.
"Mwongo wewe! Umenidanganya!"

Chozi akasimama mbele ya mwanawe.
"Mimi nimesema nini, Bwana Kiboko? Nimesema mkia wako mfupi. Nani kasema mvua?"
"Dudumizi."
"Nani kamlowesha Dudumizi?"
Kiboko akafikiri. "Mimi."
"Nani kawagongea kumbikumbi?"
"Mimi."
"Mbayuwayu wamemfuata nani?"
Kiboko akauachia mti taratibu. "Kumbe... mimi ndiye mleta mvua?"
"Wewe unaonaje? Ila umeondoka kabla kazi haijaisha. Tena mleta mvua hakai majini. Wingu likichungulia likamwona amelowa, litasema huku wameshapata."

Kiboko akajipaka tope mgongoni, akasimama ukingoni kama mheshimiwa, akatikisa mkia. Kila mnyama akipita kunywa anamwambia, "Pole na kazi, Bwana Mleta Mvua," naye anaitikia kwa kichwa. Alitikisa mkia mpaka masika yalipokuja, kwa wakati wake, kama miaka yote. Tone la kwanza lilipomdondokea puani, akawageukia wanyama wote: "Mmeona?"

Kinda wa Chozi, aliyekuwa ameshajifunza kuruka, akajibu, "Tumeona, babu. Asante." Mpaka leo Kiboko anatikisa mkia, na Mzee Dudumizi hamsemeshi, kwa kumliza uongo.

Basi funzo, wanangu: msimchokoze mkubwa hata siku moja. Ukimchokoza atakasirika, akikasirika atapiga maji, akipiga maji mvua itanyesha, na sote tutalowa.

Ngano yangu imenyeshewa hapo. Kama ni tamu, itafuneni na kumbikumbi. Kama ni chungu, mpelekeeni Kiboko, yeye ndiye aliyeleta.